Simu Yenye Uso

Katika maisha ya Murunga mambo mengi hayakuwa na uhakika: kodi ya nyumba, kazi, hata mgongo wake mwenyewe. Lakini moja lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Siku watu watakapokuja kuongea mahari ya binti yake, Immaculate, msemaji wa familia angekuwa rafiki yake Mulwa.

Uamuzi huo ulifanywa asubuhi ya mvua ambayo Immaculate alizaliwa. Sella, mke wa Murunga, alikuwa ameshikwa na uchungu nyumbani kwao Kambi Muru, na hakuna dereva aliyekubali kuingiza gari lake kwenye tope la Kibera. Mulwa aliteremsha televisheni za wateja kutoka kwenye mkokoteni, akatandika magunia, akamlaza shemeji yake juu ya magunia hayo na kumsukuma hadi hospitali. Murunga alikimbia kando akiwa ameshika mwavuli uliomfunika kila mtu isipokuwa Sella. Mtoto alipolia, Murunga alimshika rafiki yake bega.

"Huyu akiolewa, mdomo ni wako," alimwambia. "Sitaki ndugu, sitaki mjomba. Ni wewe."

"Mkamba aongee mahari ya Waluhya?"

"Si afadhali? Waluhya wangeshiba kwanza, wasahau waliitiwa nini."

Walicheka, lakini ahadi haikuwa ya kucheka. Kwa watu wa kwao Murunga, baba hajadili mahari ya binti yake kwa kinywa chake mwenyewe. Hukaa kimya kama mgeni, na yule anayemsemea ndiye anayeonyesha watu familia hiyo ina uzito gani. Kumpa mtu nafasi hiyo ni kumwambia kwamba umempita ndugu yako na kumchagua yeye.

Walikuwa wamejuana tangu ujanani. Mulwa alitoka Kitui na sanduku la mbao, akaja kwa mjomba wake, Mzee Ndululu, aliyekuwa fundi wa redio na televisheni pale Sarang'ombe, Kibera. Murunga alitoka Magharibi akimtafuta binamu ambaye tayari alikuwa amehama, akaona kibanda kilichojaa waya, akasimama kutazama, na hakuondoka tena. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesomea umeme. Walijifunza kwa kuungua vidole, na kwa kurushwa na ule umeme unaobaki ndani ya televisheni hata baada ya kuzimwa. Mzee Ndululu hakuwa na sheria nyingi. Ile aliyoirudia mara nyingi ilikuwa kwamba fundi hatangazi ugonjwa kwa kutazama picha. Anafungua mgongo wa mashine kwanza.

Alasiri, kazi ilipopungua, walizungumza juu ya siku zijazo. Wakati huo mwaka wa elfu mbili ulitajwa redioni kama mgeni mheshimiwa aliye njiani. Ukifika, kila nyumba itapata maji na kila mgonjwa atapata dawa. Wao walijali zaidi mashine. Mulwa alisema televisheni zitakuwa nyembamba kama kalenda, unazitundika kwa msumari.

"Na mgongo wake utauweka wapi?" Mzee Ndululu aliuliza. "Kwa jirani?"

Murunga aliota simu yenye uso. Ungempigia mtu, na uso wake ungetokea mbele yako akicheka au akilia, popote alipo.

"Hapo ndipo uongo utaisha," alisema Mulwa. "Mtu akikuambia yuko kazini, unaona chupa ziko mezani."

"Na hakuna mtu ataugua peke yake," alisema Murunga. "Mama akishikwa na homa huko nyumbani, nitamwona siku hiyo hiyo."

"Na sisi mafundi tutakuwa matajiri. Kila nyumba itakuwa na mashine tano, na mashine ni lazima iharibike."

Karibu yote yalikuja. Maji yalisitasita njiani, lakini televisheni nyembamba kama kalenda zilifika, zikatundikwa kwa misumari kwenye kuta za mabati za Kibera kama Mulwa alivyosema. Ila zilikuja zimefungwa kwa gundi, hazina mgongo wa kufunguliwa, na zikipasuka kioo hutupwa. Murunga alikaa miaka michache kwenye kibanda akisubiri wateja, halafu akaanza kuuza kava za simu na vile vioo vyembamba vya kuzuia mikwaruzo. Mulwa alikuwa amehamia Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, zamani, alipomwoa Mukai, na kufungua kibanda chake huko.

Umbali huo haukuwa kitu. Kila mwisho wa mwezi Murunga alikwenda kwa Mulwa bila kualikwa, akala muthokoi wa Mukai, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, wakabishana hadi jua lizame. Miezi mingine Mulwa ndiye aliyekuja Kambi Muru. Kisha Immaculate akapata kazi, na kwa furaha ya mshahara wake wa kwanza akawanunulia wazee wake wawili, baba yake na Mulwa, simu zenye uso, moja kwa kila mmoja.

"Sasa mtaonana mpaka mchokane," alisema.

Mara ya kwanza uso wa Mulwa ulipotokea mkononi mwa Murunga, wote wawili walisogeza vichwa karibu na vioo. Walikuwa wameiota simu hii kabla ya mvi, kabla ya watoto, na sasa ilikuwa hapa, rangi zake safi kuliko televisheni yoyote waliyowahi kutengeneza.

"Kumbe umezeeka hivi," Mulwa alisema mwishowe.

Tangu hapo wakawa wanaongea kila Jumapili baada ya kanisa. Hakuna aliyeamua kuacha kutembelea mwenzake. Ilikuwa tu kwamba Murunga akisema, "Nitakuja mwezi huu," Mulwa humjibu, "Kwani hatujaonana?" Na kwa kweli walikuwa wameonana. Mulwa alikuwa akikaa mbele ya rafu yake, televisheni zikiwa wazi nyuma yake na waya zikining'inia, naye amevaa koti na tai. "Kazi iko?" Murunga angeuliza. "Kazi ni nyingi, bwana. Na wewe?" Murunga, akiwa ameketi katikati ya kava za simu, angesema hata kwake ni nyingi.

Ndipo ikafika siku ambayo kijana aitwaye Austin Oloo alileta salamu kutoka kwa wazazi wake. Walitaka kuja Kambi Muru Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuongea mambo ya Immaculate. Murunga hakungoja Jumapili. Alimpigia Mulwa papo hapo.

"Mkamba! Siku imefika. Mdomo wako unatakiwa."

Mulwa alifurahi, tena sana. Alipiga makofi. Halafu akatazama kando, mahali ambapo picha haikufika, na aliporudisha macho furaha ilikuwa imepungua.

"Nitaongea," akasema. "Lakini nitaongea kwa simu."

"Kwa simu vipi?"

"Mniweke mezani, mniegemeze kwa chupa ya soda. Nitawaona na wataniona."

"Mulwa, wewe uko Kawangware. Hauko Amerika."

"Si unataka mdomo? Miguu ya nini?"

Mulwa alicheka. Alicheka peke yake.

Sella alimwambia mumewe, "Baba Imma, nenda ukamuulize kuna nini."

"Nikamuulize nini, na nimemwona kwa macho yangu? Amekaa kazini, koti limepigwa pasi, kazi imejaa nyuma yake. Hana shida yoyote. Amekuwa mkubwa wa Kawangware, tope la Kibera litamchafua viatu."

"Mulwa si mtu wa hivyo."

"Watu hubadilika, Mama Imma."

Alimpigia mara nyingine, akiwa amejiandaa kusamehe. "Unakuja ama hauji?"

"Nimekuambia, bwana. Kwa simu."

"Basi baki na simu yako," alisema Murunga, akakata. Jioni hiyo alikwenda kwa Isaac, binamu yake anayeimba kwaya, akamwomba awe msemaji.

Jumamosi ikafika. Walikodi ukumbi mdogo wa kanisa, wakatandika vitambaa, na ukoo wa Oloo ukaja umependeza. Isaac alisema vizuri. Hakupandisha sauti, hakuharakisha, alijua mahali pa kutania na mahali pa kunyamaza. Murunga alikaa kimya kama desturi inavyotaka, simu yake ikiwa mezani.

Mazungumzo yalipofika kwenye ng'ombe, simu ikaanza kutetemeka. Picha ya Mulwa ilijaa kwenye kioo. Murunga aliitazama mpaka ikazimika. Ikawaka tena.

"Mzee, pokea," baba yake Austin akasema kwa utani. "Labda ni mtu anataka kutupunguzia ng'ombe!"

Watu walicheka. Murunga alicheka pamoja nao, akaipindua simu, uso chini. Iliendelea kutetemeka juu ya meza kama mende aliyelala chali, kisha ikaacha. Immaculate, aliyekuwa ameketi upande wa pili na dada zake, aliona.

Wageni walipoondoka, alimfuata baba yake nje.

"Baba, huyo alikuwa Anko Mulwa?"

"Alikuwa mtu aliyeitwa akakataa kuja."

"Hiyo si poa, Baba," alisema Immaculate, akarudi ukumbini. Angeongeza neno, Murunga angepata la kumjibu.

Siku mbili tatu zikapita. Asubuhi moja Sella alimwekea mumewe kuku wa kienyeji mkononi, amefungwa miguu kwa kamba ya gunia.

"Aliyenisukuma siku ile hawezi kukosa kuku wa mtoto huyo," alisema. "Kama una maneno, mpelekee pamoja na kuku."

Murunga alikuwa na maneno. Njiani kote, akiwa nyuma ya boda boda na kuku kwapani, aliyapanga vizuri, makali mbele na ya busara mwisho. Alishuka Kawangware na kwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Mulwa.

Hakukuwa na televisheni. Kulikuwa na karai la mafuta na msichana aliyekuwa akikata viazi.

"Fundi yuko wapi?"

"Fundi gani, mzee? Hapa ni chipsi. Hata mimi nilipata ni chipsi." Alimtazama kuku. "Ama umeleta tukukaangie?"

Murunga alisimama pale akijaribu kuelewa. Jumapili iliyotangulia ugomvi wao alikuwa ameziona televisheni, ameona rafu. Aliacha barabara, akaingia ndani kwenye ploti, ile safu ya vyumba vya kupanga alimokaa Mulwa, akabisha.

Mukai alifungua mlango kidogo, akabaki ameushika.

"Shemeji," akasema. "Hukupiga simu."

"Tangu lini nikapiga simu kuja hapa?"

Mukai alitazama nyuma yake, kisha akasogea.

Kilikuwa chumba kimoja. Katika pembe moja, ukuta wa mabati ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, upana wa mikono miwili tu. Mbele ya rangi hiyo palikuwa na rafu yenye televisheni tatu kuukuu zilizofunguliwa, na mbele ya rafu kiti, na mbele ya kiti kiegemeo cha waya cha kusimamishia simu. Koti na tai vilitundikwa kando. Hapo ndipo Murunga alipokuwa akipatazama kila Jumapili. Sehemu nyingine yote ya chumba hakuwahi kuiona: ndoo, dawa, nguo zilizokunjwa, magongo mawili yameegemea kitanda. Mulwa alikuwa kitandani, amevaa fulana, shuka limefunika magoti. Upande mmoja shuka lilishuka hadi kwenye unyayo. Upande mwingine lilikuwa limelala bapa.

"Umekuja kumwona nani?" Mulwa aliuliza. "Fundi anaonekana Jumapili."

Murunga aliketi kwenye kile kiti, kuku bado kwapani.

"Ni lini?"

"Mwaka jana, wakati wa mvua. Ni sukari. Madaktari walianza kukata kidole, wakaona kidole hakitoshi."

"Ungeniambia."

"Ungekuja," alisema Mulwa. Hakulikazia neno hilo. Alilisema kama mtu anayempa mwenzake bisibisi.

Mukai alimchukua kuku taratibu kutoka kwa Murunga, akatoka naye nje.

"Nilitaka kuja hiyo siku," Mulwa akaendelea. "Usifikiri sikutaka. Hata nilipanga gari. Lakini gari linaishia barabarani. Kutoka hapo mpaka kwako ni mitaro na mawe, wewe unajua. Ningebebwa mgongoni kama mtoto. Nani atamsikiliza msemaji aliyeletwa mgongoni?"

"Ningekusukuma kwa mkokoteni."

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia."

Nje, watoto wa ploti walikuwa wakimcheka kuku. Murunga aliangalia mikono yake. Miaka yote hiyo alikuwa akijisifu kwamba anaweza kusikia hitilafu ya redio kabla mteja hajamaliza kuieleza.

"Nani aliongea?" Mulwa aliuliza.

"Isaac. Binamu yangu wa kwaya."

"Aliongea vizuri?"

Murunga alitamani kusema hapana. "Aliongea vizuri."

"Hiyo ni nzuri." Mulwa alivuta shuka. "Mimi nilikaa hapo ulipokaa tangu asubuhi, na tai. Mukai aliweka bando la intaneti. Nilifikiri hasira ya Murunga huwa ni ya jioni, ikifika asubuhi imekwisha, ataniweka tu mezani. Nikapiga. Nikaona ni netiweki. Nikapiga tena." Akamtazama. "Ilikuwa netiweki?"

Hapakuwa na kioo kati yao. Murunga angeweza kusema ndiyo, na Mulwa angeikubali, kwa sababu mtu mwema hukubali.

"Hapana," akasema. "Niliifunika."

Mulwa aliitikia kwa kichwa polepole, kama mteja anayeambiwa ubovu ambao alikwisha kuujua alipokuwa akiibeba redio kuileta.

"Mulwa, niambie hayo maneno sasa. Nitampigia Imma simu ayasikie. Hata baba ya kijana nitampigia."

"Maneno ya mahari hayasemwi baada ya mahari, bwana. Hata kwenu si hivyo? Yalikuwa ya siku hiyo."

"Yalikuwa yanasema nini?"

"Yalikuwa marefu," alisema Mulwa. Akatabasamu kidogo. "Ungelala."

Mukai alileta chai. Walikunywa wakiongea juu ya Mzee Ndululu, juu ya bei ya dawa, juu ya Austin kama anaonekana mtu wa maana. Mulwa aliuliza mengi kuhusu siku ile, nani alikaa wapi, Immaculate alivaa rangi gani, na Murunga alimweleza yote, akiona kwa kila jibu jinsi rafiki yake anavyojaribu kujiweka ndani ya ukumbi ule.

Alipoinuka kwenda alisema, "Jumapili nitakuja."

"Usije. Piga."

"Mulwa..."

"Piga kama kawaida, nakuomba. Hiyo ndiyo saa yangu. Unaniuliza kazi iko, nakuambia ni nyingi. Mimi nikivaa hilo koti nikakaa hapo, hata mguu unaacha kuniuma, huo ambao haupo. Ukija utaniuliza habari ya mguu."

"Sitauliza."

"Utauangalia."

Murunga hakubisha, kwa sababu hata wakati huo alikuwa akiuangalia.

Jumapili alitoka kanisani na hakwenda nyumbani. Alimwambia Sella ana mtu wa kumwona. Alifika Kawangware, akaingia kwenye uchochoro ulio nyuma ya ile ploti, akasimama karibu na ukuta wa mabati. Upande wa pili wa mabati hayo, alijua sasa, palikuwa na rangi nyeupe, na rafu, na kiti. Alinyanyua mkono abishe. Akaushusha. Mtu alikuwa amemwomba jambo moja tu.

Akatoa simu, akapiga.

Mulwa alitokea, koti limenyooka, tai imekaa sawa, televisheni nyuma yake zikionyesha matumbo yao.

"Mluhya! Habari ya kanisa?"

"Nzuri. Kazi iko?"

"Kazi ni nyingi, bwana," alisema Mulwa, na sauti yake ikamfikia Murunga mara mbili, kwanza kupitia mabati, kisha, ikichelewa kidogo, kupitia simu.

Murunga aliona uso wa rafiki yake ukitulia. Kichwa cha Mulwa kiliinama kidogo upande wa ukuta, kama walivyozoea kuinamia redio wakitafuta mkwaruzo. Basi naye alikuwa ameisikia sauti ya Murunga mara mbili.

Murunga alingoja kuambiwa aingie. Angeambiwa hata kwa tusi angeingia mbio. Mulwa alibaki ameinamisha kichwa, akapumua, akanyoosha tai yake, akarudisha macho kwenye simu.

"Na wewe?" akauliza. "Kwako kazi iko?"

"Iko," Murunga alisema, akiishusha sauti ili ipite kwenye simu tu, isipite kwenye mabati. "Ni nyingi."